Vidole Vinne Kutoka Ukutani

Bi Manubia hakuwahi kukubali moyoni kwamba kujifunza nyumba kunataka miaka sita. Nyumba aliyoolewa, ndani ya mji mkongwe wa Tunis, kwenye kichochoro kinachopinda mara tatu kabla hakijakufikisha mlangoni, ilijengwa na fundi asiyejua kuandika hata jina lake. Alikuwa na kamba, timazi na matusi. Nyumba imesimama miaka mia mbili, na kama kuna siku ilitikisika, basi ni siku mama mkwe wake alipogombana na muuza mafuta ya zeituni.

"Miaka sita," alimwambia jirani yake Bi Duja, wakianika nguo kila mmoja juu ya paa lake. "Daktari wa moyo anasoma saba. Kwa hiyo moyo umeizidi sebule mwaka mmoja tu."

"Usicheke," alijibu Bi Duja, aliyekuwa fundi wa nguo za maharusi mpaka macho yalipomchoka. "Siku hizi hata kukaanga yai watu wana cheti."

Mwanafunzi mwenyewe alikuwa mjukuu wake Eya, binti wa mwanawe wa pili. Wazazi wa Eya wanaishi mji wa Sfax, mbali, na chuo cha usanifu majengo kiko nje kidogo ya Tunis, njia ya baharini, hivyo msichana alihamia kwa bibi yake na begi moja la nguo na mabegi matatu ya penseli, rula na karatasi. Huu ulikuwa mwaka wake wa tatu. Bi Manubia aliishia darasa la sita, lakini masomo ya Eya aliyafuata yote, maana yote yalipita juu ya meza yake ya kulia chakula.

Mwaka wa kwanza walimfundisha kutengeneza kiti cha kadibodi. Kisiwe na gundi wala msumari, na kibebe mwalimu mzima. Kabla hajakipeleka chuoni Eya alimsihi bibi yake akikalie kwanza.

"Nikianguka je?"

"Ukianguka, Bibi, nitajua pa kuongezea."

Bi Manubia akakaa. Kiti hakikuvunjika. Kilizama taratibu, kwa adabu zote, kama ngamia apigavyo magoti, mpaka akajikuta sakafuni na magoti karibu na masikio, Eya naye ameshika daftari anaandika ni mguu upi uliotangulia.

Mwaka wa pili wakamfundisha jua. Nusu mwaka mzima! Linatoka wapi wakati wa baridi, linatoka wapi kiangazi, kivuli kinaingia dirishani hatua ngapi. "Mwanangu, si ungeniuliza mimi?" alisema Bi Manubia. "La baridi linafika mpaka mguu wa pili wa kabati. La kiangazi haliingii kabisa. Ningekupa shahada yako chai haijapoa." Halafu yakaja mahekalu ya watu waliokufa zamani, na mawe, na matofali, na maji ya mvua yapite wapi, na urefu wa kiwiko cha mtu anayekanda unga. Ili kupata hicho kiwiko, Bi Manubia alikanda unga mara nne kwa siku moja, na mtaa mzima ukala mkate wa moto bure.

Na yalikuwepo mahesabu. Somo hilo lilihusu boriti, inabeba uzito gani na itapinda lini, nalo ndilo lililomwangusha Eya. Alipata saba kwa ishirini. Kwa utaratibu wa chuo chake, ili saba ile isimrudishe mwaka, ilimpasa apate walau kumi na mbili katika kazi kubwa ya mwisho. Kumi na moja na nusu ingekuwa sawa na sifuri. Angerudia mwaka wa tatu wote, na jua, na boriti, na yote.

Kazi kubwa yenyewe ilikuwa kupima nyumba. Mwalimu wao, Lasaad, mtu mwembamba, mpole wa sauti na mgumu wa alama, aliwaambia kila mmoja achague nyumba ya zamani, apime kila chumba kwa tepu ya mkono, aandike namba kwa kalamu katika daftari bila kuzifuta, halafu achore ramani yake. Vile vipimo vipya vya taa nyekundu alivikataza. "Nataka muiguse nyumba," alisema. Jumatatu ramani zingebandikwa ukutani, na jopo la walimu wanne lingepita kuuliza maswali.

Eya aliposema amechagua nyumba ya bibi yake, Bi Manubia aliweka kisu chini. Alikuwa anakata vitunguu.

"Hiyo ramani itabandikwa mbele ya nani?"

"Walimu, wanafunzi, na yeyote atakayekuja."

"Na picha?"

"Na picha, Bibi. Chumba kwa chumba."

Asubuhi ya pili, Jumanne, fundi chokaa alikuwa ameshasimama uani na ndoo zake.

"Bibi!" Eya alitoka na mswaki mdomoni. "Mimi napima nyumba, siiozeshi!"

"Watu wanakuja kuiona."

"Hawaji. Ni karatasi inayokwenda."

"Afadhali mgeni akija, utamkalisha pazuri asione pabaya. Nyumba ikienda yenyewe kwa watu, itajificha wapi? Lazima ivae."

Fundi akapaka vyumba vyote, mara tatu, weupe wa kuumiza macho. Ua na jikoni hakuvigusa kwa sababu kuta zake zina vigae vya rangi mpaka juu ya kifua cha mtu. Jumatano ikanyesha mvua ile ya manyunyu isiyo na mwanzo wala mwisho, na chokaa ikagoma kukauka. Alhamisi asubuhi, Eya alipofungua tepu, kuta bado zilikuwa mbichi kama maziwa ya mgando.

"Bibi, shika hapa. Hiki kichwa cha tepu ukibane ukutani, mimi nitasoma huku."

Bi Manubia akashika. Akautazama ukuta. Akakitazama kidole gumba chake. Vyumba vitatu, kila kimoja kupimwa urefu, upana na kona kwa kona mara mbili, hizo ni alama za vidole ngapi kwenye picha? Waje walimu wanne waseme, hii nyumba inaishi nyani? Basi akaweka vidole vinne vya mkono wa kushoto hewani, kati ya kichwa cha tepu na ukuta, bila kuugusa, kama apimavyo maji juu ya dengu, na tepu akaishika hapo, imara, bila kutikisika.

"Umeshika, Bibi?"

"Nimeshika."

"Haijalegea?"

"Nimekwambia nimeshika. Wewe soma namba zako."

Wala hakuona kwamba amedanganya. Kwenye nyumba kubwa namna ile, vidole vinne ni nini? Walipofika uani na jikoni alikibana kichwa cha tepu barabara, maana kigae ukikichafua unakipangusa na kitambaa. Upande wa nje, kichochoroni, Eya alipima peke yake kwa kukitundika kichwa cha tepu kwenye msumari wa mlango. Ijumaa akapiga picha. Kuta zilitoka safi, bila doa hata moja, na Bi Manubia akaridhika na kazi ya mikono yake.

Jumamosi Eya akaanza kuchora. Jumapili asubuhi akaacha kula.

"Nini tena?" aliuliza Bi Manubia.

"Ramani haifungi."

"Ina mlango?"

"Bibi, sina moyo wa utani leo." Eya akamvutia karatasi. "Tazama. Ukianza kona hii, ukajumlisha chumba, ukuta, chumba, ukuta, mpaka mwisho, unatakiwa ufike kona ile. Nje nilipima meta kumi na moja na sentimita sitini na nne. Ndani nikijumlisha vyote, nakosa ishirini na mbili na nusu. Nyumba ni ndogo ndani kuliko nje!"

"Imesinyaa," alisema Bi Manubia. "Umeifua kwa maji ya moto."

Bi Duja aliingia wakati huohuo na sahani ya keki za tende, akaelezwa, akaketi ili alifaidi jambo vizuri. "Imepungua sentimita ishirini na mbili? Kwa bi harusi hiyo ni kuahirisha ndoa."

"Miaka mitatu wanamfundisha," Bi Manubia alisema, akigeuza maneno kwa Bi Duja kama vile Eya hayupo. "Kiti kikazama. Sasa na nyumba inazama."

"Labda mwaka wa nne ndio wanafundishwa kujumlisha."

"Wa tano. Wa nne ni kutoa."

Walicheka mpaka Bi Duja akapaliwa na keki. Eya hakucheka. Aliinamisha uso juu ya karatasi, na Bi Manubia alipoona tone moja limeanguka jikoni, yaani jikoni ya kwenye ramani, akaacha utani. Akasogeza sahani. "Ini langu, kula kidogo."

"Wenzangu wangezivuta hizi namba mpaka zikutane," Eya alisema kwa sauti ya puani. "Tunaita kuipika ramani. Lakini Mwalimu Lasaad anaijua ramani iliyopikwa kwa harufu tu. Mwaka jana alimwangusha msichana kwa sentimita tisa. Na mimi nina ile saba yangu." Akajipangusa. "Halafu kinachonitia wazimu ni hiki. Ua unafunga. Jikoni inafunga, sawasawa kama imekatwa kwa mkasi. Vyumba ndivyo vinavyokosa, tena kila chumba kinakosa kiasi kilekile. Kama panya amekula mwanzo wa tepu."

Bi Manubia alikuwa anamimina chai. Chai ikajaa gilasi, ikapita ukingo, ikashuka kwenye sinia, ikatafuta njia yake mpaka kwenye keki za tende.

"Manubia," alisema Bi Duja. "Chai."

"Naiona."

Akalipangusa sinia. Angesema nini, na kicheko bado hakijamkauka mdomoni? Bi Duja mwenyewe amekaa hapo, na analolisikia Bi Duja leo, Jumatano liko sokoni. Akajiambia, ngoja kwanza nihakikishe. Huenda si mimi. Huenda kweli ni panya.

Baada ya chakula cha mchana Bi Duja alirudi kwake, na Eya akalala juu ya meza, shavu kwenye mkono. Bi Manubia akavua viatu, akachukua tepu kimya kimya, akaingia chumba cha mwisho, kile alicholala usiku wake wa kwanza katika nyumba hii. Aligundua upesi kwamba tepu ni kitu cha watu wawili. Akishika huku, kule inakuja. Akaleta chungu cha kupikia kaskasi, kile kizito cha shaba, akakikalisha juu ya kichwa cha tepu, akairudisha mpaka ikagusa ukuta hasa, halafu akaanza kurudi nyuma kwa magoti, akiivuta pole pole. Alikuwa karibu kufika. Chungu kikateleza, tepu ikarudi kwa kasi ikipiga mluzi, kifuniko kikabingirika mlangoni, kikatoka uani, kikazunguka mara saba kabla ya kutulia, na kila mzunguko ukalia kama kengele.

Kutoka juu ya paa lake, Bi Duja alichungulia uani. "Manubia! Unavua samaki gani humo?"

"Shh! Nafagia!"

"Kwa magoti? Na chungu?"

"Nenda kalale, Duja."

"Nilale nikose haya?"

Eya alikuwa ameshasimama mlangoni, alama ya penseli shavuni, nywele zimesimama upande mmoja. Akatazama chungu. Akatazama tepu mkononi mwa bibi yake. Akatazama ukuta.

"Bibi," alisema polepole, "siku ile ulipokuwa unashika. Ulikuwa umegusa ukuta?"

Bi Manubia akainuka, goti moja kwanza, kisha la pili, akajikung'uta. Watu wazima wana njia nyingi za kupita pembeni ya swali, naye alizijua zote. Lakini alikumbuka lile tone.

"Chokaa ilikuwa mbichi," alisema. "Nikaacha vidole vinne."

"Kila mara?"

"Vyumbani. Kwenye vigae niligusa."

Eya akaukamata mkono wa bibi yake, akaulaza juu ya rula yake ndogo. Saba na nusu. Akatembeza midomo: saba na nusu, mara vyumba vitatu, ishirini na mbili na nusu. "Siku mbili," alisema. "Siku mbili nimelia, Bibi! Nilijiona mjinga! Na wewe umekaa hapo unasema wa nne ni kutoa!"

"Duja ndiye alianza."

"Nimekusikia!" sauti ya Bi Duja ilishuka kutoka juu. "Vidole vinne! Mimi nimepima maharusi mia tatu, hakuna hata mmoja niliyemwachia vidole vinne! Ningempeleka kwa mumewe anapumua kwa zamu!"

"Basi ongeza tu," alisema Bi Manubia, ambaye alianza kuona mwanga. "Saba na nusu kwenye kila namba. Mbona rahisi?"

"Una hakika vilikuwa vinne kila mara?"

Bi Manubia alifikiri. Alikuwa mtu wa kukumbuka vitu kimojakimoja, na safari hii kumbukumbu haikumsaidia. "Chumba cha katikati nilikuwa nimechoka. Huenda kuna mahali vilikuwa vitatu. Na mahali pamoja nilipiga chafya."

Adhana ya alasiri ilikuwa imeshapita. Jua lilibaki na saa tatu. Eya alifunga nywele, akachukua daftari, akapiga mstari mmoja juu ya namba zote za vyumba, mstari wa kuonekana, maana kufuta kulikatazwa. "Tunapima upya," alisema. "Bi Duja, tafadhali shuka. Wewe utashika kichwa cha tepu."

"Na mimi?" aliuliza Bi Manubia.

"Wewe utaandika."

Kuandika! Alishushwa cheo mbele ya jirani, ndani ya nyumba yake mwenyewe. Lakini alikalia kiti, akaweka daftari juu ya paja, na kila Eya alipotaja namba aliiandika kubwa, ya duara, kama alivyofundishwa darasa la sita, na tano zake zikiwa na tumbo. Bi Duja alibana kichwa cha tepu ukutani kwa gumba lake lote, bila huruma, na kila alipotoka aliacha duara moja la kijivu kwenye chokaa nyeupe. Bi Manubia aliyahesabu madoa yale moyoni. Yalifika kumi na mawili. Hakusema neno, na hiyo ndiyo ilikuwa adhabu yake.

Kabla ya magharibi wakamaliza. Eya akajumlisha, akajumlisha tena. Ilibaki sentimita moja na nusu.

"Bado haifungi," alisema Bi Manubia kwa hofu.

"Hiyo inaruhusiwa," alisema Eya, na kwa mara ya kwanza siku hiyo akachukua keki, iliyokuwa imelowa chai, akaila yote.

Jumatatu Eya alitoka mapema na bomba lake la ramani begani. Alikuwa amemwambia bibi yake asije. Bi Manubia alikubali, akangoja kichochoro kinyamaze, akajitanda shuka yake nyeupe ya safsari, akapanda treni ya pwani. Kama nyumba yake inakwenda kuonwa na watu, haifai iende bila mwenyewe.

Ukumbi ulikuwa umejaa nyumba kwenye karatasi. Alikaa nyuma, kwenye kigoda kirefu cha wachoraji ambacho miguu yake haikufika chini. Walimu wanne walikuwa tayari mbele ya ramani ya Eya, na Eya alikuwa anaeleza. Aliwaonyesha njia ya kuingilia inavyopinda ili mpita njia asiuone ua hata mlango ukiwa wazi. Hilo Bi Manubia alilijua. Akawaonyesha maji ya mvua yanavyoshuka kisimani. Hilo pia.

"Na vyumba vyote vitatu ni virefu na vyembamba," Eya alisema, "kwa sababu ya boriti. Fundi alipata miti ya meta tatu na kidogo, basi. Upana wa chumba ni urefu wa mti. Asingeweza kuongeza hata angetaka."

Bi Manubia alishika ukingo wa kigoda. Miaka arobaini na tisa amepita kwa ubavu kati ya kitanda na kabati, na miaka yote hiyo alijua sababu ni ubahili wa ukoo wa mumewe. Mama mkwe wake alishakufa na lawama hiyo. Kumbe mti! Alimsomea Fatiha marehemu hapohapo, kwa haraka, kabla hajasahau.

Mwalimu Lasaad alikuwa amelichukua daftari. Akafunua kurasa. Akasimama kwenye mstari mrefu uliokata namba.

"Hizi zimekatwa zote. Kwa nini?"

"Zilikuwa na kosa, Mwalimu. Ramani haikufunga. Nikapima upya."

"Kosa gani?"

"Tepu haikugusa ukuta."

"Vyumba vitatu vizima?" Akainua uso. "Na huu mwandiko wa pili wa nani? Hizi tano si zako."

Eya alilitazama daftari. "Nilisaidiwa kuandika," Eya alisema. "Lakini kosa la tepu ni langu. Sikuwa makini."

Mwalimu mmoja akatikisa kichwa, akaandika kitu. Bi Manubia hakujua kilichoandikwa, ila alijua sura ya mtu anayepunguza. Akateremka kwenye kigoda, jambo lililochukua muda na likatoa sauti, na ukumbi wote ukageuka.

"Si yeye," alisema. "Ni mimi. Hizo tano ni zangu, na kosa ni langu."

"Bibi!" Eya akaficha uso kwa mikono miwili.

"Wewe ni nani, mama?" aliuliza Mwalimu Lasaad.

"Mimi ndiye mwenye hiyo," alisema, akionyesha karatasi ukutani. "Nilishika tepu. Chokaa ilikuwa mbichi, nikaacha vidole vinne nisichafue. Yeye aliniuliza mara mbili kama nimeshika, nikamjibu nimeshika. Alijuaje?"

Wanafunzi walianza kucheka, kwa adabu kwanza, kisha bila adabu. Mwalimu Lasaad hakucheka, ila masharubu yake yalisogea. "Kwa nini ulipaka chokaa wiki ya kupima, mama?"

"Mlikuwa mnakuja kuiona. Ningewaonyesha kuta za mwaka jana?"

Hilo lilimfanya mwalimu mmoja wa kike, mtu mzima kidogo, aitikie kwa kichwa kwa uzito kabisa, kama mtu aliyejibiwa swali la maana. Wakaenda pembeni, wakanong'ona. Eya alisimama mbele ya ramani bila kumtazama bibi yake. Bi Manubia alirudi kukaa, safari hii kwenye kiti cha kawaida.

Wakarudi. "Ramani na maelezo, kumi na nne," alisema Mwalimu Lasaad. "Natoa moja na nusu kwa ajili ya tepu. Kumi na mbili na nusu."

Eya akatoa pumzi iliyosikika mpaka nyuma. Kumi na mbili na nusu! Mwaka ameupita, pamoja na saba yake. Lakini Bi Manubia alikuwa mtu wa sokoni tangu utotoni, na bei ya kwanza haikuwahi kuwa bei.

"Mwalimu. Kama kosa ni langu, hiyo moja na nusu kwa nini akatwe yeye?"

"Kwa sababu nyumba ikianguka, mama, hawamtafuti aliyeshika tepu. Wanamtafuta aliyetia sahihi."

Bi Manubia aliitazama tena karatasi ukutani. Hilo hakulijua.

Kwenye treni walikaa dirishani, wakanunua mikate ya mviringo ya kukaangwa, wakala wakijilamba sukari vidoleni. Vituo viwili vya kwanza Eya alisema bado ana hasira. Cha tatu alianza kutabasamu upande wa dirisha, akidhani haonekani.

"Mwaka wa nne mnasoma nini?" aliuliza Bi Manubia, kwa sauti ya mtu anayeuliza hali ya hewa.

"Mtaa. Tunapima mtaa mzima, nyumba na vichochoro vyake, halafu tunaeleza unavyoishi. Nimeshachagua wa kwetu."

"Vizuri. Sasa nimejua jinsi ya kubana."

Eya alijipangusa sukari mdomoni. "Nimeshamwomba Bi Duja."

Bi Manubia aligeukia dirishani. Ziwa lilipita, na ndege wake wekundu, na kituo kimoja, na kingine. Abiria walishuka, wengine wakapanda.

"Duja haoni mbali," alisema hatimaye.

"Kichwa cha tepu hakihitaji kuona mbali, Bibi."

"Na anaacha madoa."

"Kwenye kuta za watu, si zetu."

Bi Manubia alilitafakari hilo. Akamega mkate wake, akampa mjukuu wake kipande chenye sukari nyingi. "Mwambie aje," alisema. "Lakini anayeandika ni mimi. Tano zangu mwalimu ameshazizoea."